Faili za CDR, AI na PSD: Programu Gani ya Kubadilishia Inastahili Pesa Yako?

Umepewa nembo kwa faili ya CDR (ya CorelDRAW), AI (ya Adobe Illustrator) au PSD (ya Photoshop), na huwezi kuifungua? Kabla hujatoa hata shilingi, mpigie aliyekuchorea nembo, umwombe akuhifadhie upya kwa PDF au SVG (mchoro unaokuzwa bila kuharibika), maandishi yakiwa yamegeuzwa kuwa mistari (kwenye CorelDRAW ni Ctrl+Q). Wengi shida yao huishia hapo. Kama hapokei simu, programu za kubadilishia mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni Inkscape. Ni ya bure, haihitaji intaneti, na inafungua CDR, hata AI mradi iwe imehifadhiwa na PDF ndani yake. Kisha inakutolea SVG, EPS, PDF, au DXF ya mashine ya leza. Mwenye mashine ya kudarizi sweta za shule aongeze Ink/Stitch, nayo bure, apate DST, faili inayosomwa na mashine hiyo. Ila asitarajie kubonyeza kitufe kimoja tu. DST hubeba mishono, si michoro, kwa hiyo kila umbo lazima lipangiwe sindano ielekee wapi na uzi ubanane kiasi gani. Ndiyo maana fundi anayetoza pesa nzuri kwa kazi hiyo simlaumu. Kasoro ya Inkscape ni kwamba huchora kwa rangi za RGB (za skrini, si za wino), hivyo kabla ya kuchapa kwa ofseti rangi zikaguliwe upya. Vivuli vya Corel navyo huweza kupotea njiani.

Ya pili, Photopea. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, ila faili yako haiondoki kwenye kompyuta, kwa hiyo bando haliliwi kwa kupakia picha kubwa. Matangazo yake utayavumilia. Kwa PSD naiweka mbele ya GIMP, programu nyingine ya bure ya kuhariri picha, kwa sababu maandishi yanabaki ya kuharirika.

XnConvert ni ya tatu: hubadilisha picha nyingi za TIFF, TGA au DDS kwa mkupuo mmoja. Matumizi binafsi ni bure. Kampuni hununua leseni.

CorelDRAW yenyewe nimeiweka ya nne kwa sababu ya bei tu. Duka la mabango linalopokea CDR kila siku linaihitaji, tena toleo jipya, maana la zamani halifungui faili iliyohifadhiwa kwa toleo lililolizidi. Illustrator usiinunue kwa ajili ya CDR: inasoma zile za kale tu, toleo la 5 hadi la 10.

Mkiani naweka tovuti za kupakia faili na kulipia. Zinakula bando, na kazi ya mteja inakwenda kukaa kwenye seva usiyoijua. Zinazoahidi kugeuza JPEG kuwa SVG zichunguze zaidi. Fungua walichokupa kwenye Inkscape, bonyeza nembo, kisha ikuze sana. Ikishikika yote kama kipande kimoja na kingo zikaonekana ngazi ngazi, hiyo bado ni JPEG yako ileile ndani ya jina jipya. Dai pesa yako.