TAHADHARI: Seti za Blu-ray za "bonasi zote" ambazo bonasi hazimo

Kuna tangazo linalozunguka kwa sura nyingi. Jina la muuzaji hubadilika kila akaunti inapofungwa, lakini maneno ni yale yale: filamu za safari na mikasa, seti kamili, Blu-ray halisi, bonasi zote, inacheza popote duniani. Picha zinavutia, na bei iko chini kiasi cha kukuziba mdomo usiulize maswali. Kinachofika ni diski zilizochomwa kwenye kompyuta ya mtu, ndani mna filamu na karibu hakuna kingine.

Ujanja wenyewe uko hapa: filamu inacheza vizuri. Mnunuzi anaweka diski, anaona nembo ya studio, anatazama dakika kumi, anaridhika na kumpa muuzaji nyota tano. Vitu vya bonasi, yaani makala ya utengenezaji, vipande vilivyokatwa na sauti ya maelezo ya mwongozaji anaviweka kiporo. Siku anapovitafuta, muda wa kudai umeshapita. Kwa hiyo diski ya namna hii ikikufikia, filamu isubiri. Anza na bonasi.

Sababu ya bonasi kuondolewa ni hesabu ya nafasi. Blu-ray ya kiwandani yenye tabaka mbili hubeba GB 50. Diski tupu ya kuchomea ya bei nafuu, ile ya tabaka moja, hubeba GB 25. Filamu ya saa tatu inayokwenda kwa wastani wa megabiti 30 kwa sekunde hula takriban GB 40 peke yake, kabla hujagusa bonasi hata moja. Haiwezi kuingia. Mchomaji atatupa bonasi, ataiminya filamu, au atafanya yote mawili. Kwenye DVD kisa ni hicho hicho: ya kiwandani ya tabaka mbili ni GB 8.5, tupu ya kawaida ni GB 4.7. Wabaya kuliko wote huminya picha ya Blu-ray hadi ikae kwenye DVD tupu, kwa kuwa baadhi ya deki za Blu-ray hukubali kuisoma. Saa tatu ndani ya GB 4.7 ni kama megabiti 3.5 kwa sekunde, sauti ikiwemo. Filamu ya watu wawili wanaozungumza mezani inaweza kustahimili hapo. Filamu ya mikasa haistahimili: maji yanayochafuka, vumbi la farasi, majani ya msituni yanayotikisika na moshi wa mlipuko ndivyo vitu vinavyodai data nyingi, na ndivyo vinavyovunjikavunjika kuwa miraba.

Menyu isikudanganye. Mara nyingi hunakiliwa ikiwa picha tu, yenye vitufe vyote vinavyotajwa kwenye kava. Ingia kila kipengele. Ukibonyeza ukarudishwa mwanzo, au skrini ikawa nyeusi sekunde kadhaa kisha menyu ikarudi, faili lililokuwa pale limefutwa. Kwa sauti ya maelezo, usiridhike kuona jina lake kwenye menyu: anzisha filamu, bonyeza kitufe cha sauti kwenye rimoti na uhesabu njia za sauti moja moja. Kava likiahidi njia tano na rimoti ikaonyesha moja au mbili, umeshapata jibu. Fanya vivyo hivyo kwa manukuu.

Jaribio jingine linalowashika wengi ni la diski zenye matoleo mawili, la sinema na lile refu. Nyingi hazibebi filamu mara mbili. Hubeba filamu ikiwa imegawanywa vipande, na orodha ya uchezaji huamua vipande vipi vichezwe na vipi virukwe. Mtu anayenakili haraka huchukua orodha moja tu. Chagua toleo la kwanza, tazama jumla ya dakika, toka, chagua la pili, tazama tena. Dakika zikiwa sawa sawasawa, toleo moja halipo.

Kabla hata ya kulipa, lijue toleo unalonunua, kwa sababu matapeli hawa huandika bonasi wasizozijua. Mfano mzuri ni The Lord of the Rings. Seti ya Blu-ray ya matoleo marefu iliyotoka 2011 ina diski 15, lakini Blu-ray ni 6 tu, na kila filamu imekaa kwenye diski mbili. Zilizobaki 9 ni DVD za kawaida zenye makala za utengenezaji. Anayetangaza "Blu-ray 15" ama hajui anachouza ama anakupiga changa la macho. Anayetangaza diski 6 "pamoja na makala zote" ameshakuambia mwenyewe kwamba makala hazimo. Na sanduku la 4K (diski za picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida) la 2020 lina diski 9 za filamu zenyewe. Halikuja na diski za makala, kwa hiyo kava lake likiahidi makala hizo, mtu amelibuni.

Indiana Jones nayo: DVD rasmi za filamu tatu za kwanza zilitoka Oktoba 2003 katika sanduku la diski nne, ya nne ikiwa ya bonasi. Hamna sauti ya maelezo ya Steven Spielberg humo. Ukiiona imeandikwa, aliyeandika kava alikuwa anatunga. The Abyss, filamu ya James Cameron, ni kisa kingine. Ilikaa miaka mingi bila Blu-ray rasmi, hadi Machi 2024 ilipotoka pamoja na 4K. Pengo hilo lilijazwa na diski feki, na nyingi bado zinauzwa upya kama "toleo adimu la zamani". Blu-ray ya filamu hiyo inayodaiwa kutoka kabla ya hapo si adimu, ni feki.

Sasa igeuze diski. Ya kiwandani hugongwa kwa kalibu, na upande wake wa chini ni wa rangi ya fedha. DVD ya tabaka mbili inaweza kuwa na wekundu wa dhahabu, hilo lisikutishe. DVD ya kuchomwa ina wino wa kemikali ndani yake, nao hung'aa zambarau au bluu ukiuinamisha kwenye mwanga. Blu-ray ya kuchomwa huwa na kijivu cheusi kinachoelekea kahawia, na aina nyingine huwa za dhahabu iliyopauka. Tafuta duara linaloonyesha mpaka kati ya palipochomwa na pasipochomwa. Kisha chukua tochi na kioo cha kukuzia, tazama karibu na tundu la katikati. Diski nyingi halali zina herufi ndogo sana za IFPI (shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi muziki) zikifuatwa na tarakimu, sehemu mbili: moja inatambulisha mashine iliyotengeneza nakala mama, nyingine inatambulisha kalibu. Utaratibu huo ulianza 1994, kabla DVD haijazaliwa. Mahali palipokwanguliwa pana maana kubwa kuliko mahali patupu, kwa sababu kuna viwanda halali visivyoweka alama hizo.

Ujue pia kuna feki zinazogongwa kiwandani, hasa masanduku makubwa. Hizo ni za fedha kabisa chini. Kwa hizo rangi haisaidii. Unarudi kwenye bonasi, na kwenye kava: maandishi madogo yasiyosomeka kwa sababu kava limepigwa picha likachapwa upya, majina ya waigizaji wa filamu nyingine chini ya bango, msimbo wa mistari usiolingana na filamu.

Mwenye kompyuta yenye kisomeo cha Blu-ray ana ushahidi bora zaidi. Fungua diski kama folda. Blu-ray ya filamu inayouzwa madukani hulindwa kwa mfumo wa AACS, kwa hiyo pembeni ya folda za BDMV na CERTIFICATE utakuta nyingine iitwayo AACS. Nakala iliyofunguliwa ulinzi kwa kawaida haina. Ingia BDMV, halafu STREAM: diski yenye bonasi nyingi ina mafaili ya video ya m2ts kwa makumi, feki ina moja kubwa na vijifaili viwili vitatu. Programu ya BDInfo itakupa ripoti ya ukubwa, kasi ya data na njia zote za sauti, nawe uihifadhi. ImgBurn, programu ya kuchomea diski, huonyesha aina ya diski. Hapo kuna mtego mmoja: DVD+R, ambayo ni DVD tupu ya kuchomea, inaweza kuchomwa ikajitambulisha kama DVD-ROM, yaani ya kiwandani. Usiishie kwenye neno hilo, shuka hadi kitambulisho cha diski tupu. Ukikuta CMC MAG, RITEK au mfano wake, hiyo ni alama ya mtengenezaji wa diski tupu, na diski iliyogongwa haina kitu hicho. Tahadhari ndogo ukijaribu DVD za maeneo tofauti (DVD nyingi hufungwa zicheze sehemu fulani ya dunia tu): kisomeo cha kompyuta hukuruhusu kubadili eneo mara tano tu, kisha hufunga palipo.

"4K" ina kipimo rahisi kuliko vyote. Deki ya kawaida ya Blu-ray haisomi diski ya 4K. Diski ya "4K" ikicheza humo bila taabu, si 4K. Hakikisha tu hujaweka Blu-ray ya kawaida iliyokuja kwenye kasha hilo hilo, maana makasha mengi ya 4K huja na zote mbili, na mara nyingi bonasi ziko kwenye ile ya kawaida. Kuna wauzaji wanaotenganisha kasha na kuuza kila diski kivyake. Diski ni halali, ila ulichoahidiwa hakimo.

Hao wa nusu ukweli ni wengi. Wapo wanaouza diski zilizotengenezwa kwa ajili ya kukodisha, ambazo baadhi ya studio zilizitoa bila bonasi kwa makusudi. Tazama kama uso wa diski umeandikwa ni ya kukodisha. Wapo wanaouza seti iliyotumika yenye diski zote za filamu huku ya bonasi imepotea, na picha ya tangazo inaonyesha kasha limefungwa. Wapo wanaopandisha bei kwa sababu ya "msimbo wa kupakua filamu" uliomo. Misimbo ya UltraViolet, huduma ya kutunzia filamu mtandaoni, haina huduma yake tena tangu ilipofungwa 31 Julai 2019, na mingine ina tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye karatasi yake. Usilipie karatasi.

Upande wa pili, msimchome muuzaji asiye na kosa. DVD ya PAL, mfumo wa televisheni unaotumika Ulaya na kwingineko, hucheza filamu kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu ya dakika 120 huisha kwenye 115. Haijakatwa. Warner Archive, kitengo cha studio ya Warner Bros., ilipoanza 2009 iliuza DVD za kuchomwa kihalali kwa oda, za zambarau kabisa. Bonasi zilizohitaji deki iunganishwe na intaneti huenda hazifunguki kwa sababu seva zilizimwa, na hapo hata diski halisi itakuonyesha skrini tupu. Bonasi ya zamani yenye picha hafifu nayo ni kawaida: ilipigwa kwa kamera za video za wakati wake. Kinachotia shaka ni kinyume chake, tangazo linaloapa kwamba makala za mwaka 2002 "zote ni 1080p", yaani ubora kamili wa Blu-ray.

Kabla ya kulipa, omba picha tatu ambazo muuzaji hawezi kuzichota mtandaoni: upande wa chini wa kila diski, eneo la tundu la katikati kwa karibu, na diski zote zimepangwa kando ya karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Muulize kwa maandishi, ndani ya jukwaa mnalofanyia biashara: "Diski zimegongwa kiwandani au zimechomwa? Ni ngapi, na bonasi ziko kwenye ipi?" Mwenye mali halali hujibu kwa mstari mmoja. Tapeli atasema ubora ni ule ule, au atakuomba mhamie kwenye ujumbe binafsi na ulipe kwa njia isiyorudishika. Hapo mwache aende zake. Huna sababu ya kununua mbuzi kwenye gunia.

Mzigo ukifika, rekodi video moja isiyokatwa kuanzia bahasha ikiwa imefungwa hadi diski inapogeuzwa chini. Jaribu bonasi siku hiyo hiyo. Ukifungua dai, usiandike "ubora mbaya", maana litageuzwa kuwa suala la ladha. Andika kwamba bidhaa si ile iliyotangazwa: taja idadi ya diski iliyoahidiwa na iliyofika, bonasi zilizotajwa na zisizopo, ambatisha picha ya chini ya diski na ripoti ya BDInfo. Muuzaji karibu kila mara atajibu kwa kukurudishia sehemu ya pesa ili ufute dai. Ukikubali, kwenye majukwaa mengi dai hufungwa na halifunguki tena. Akidai umrudishie mzigo kwanza, urudishe kwa njia yenye namba ya ufuatiliaji pekee, baada ya jukwaa lenyewe kukuagiza, na ubaki na picha za kila diski pamoja na risiti ya kutuma.