Mshipi mwembamba wa kusuka: kidonge kinasema pauni 20, mizani inasema nini?

Ukiagiza mshipi wa kusuka wa kuvulia samaki, wa bei ya chini, ukiwa Arusha au Moshi, jiandae kuletewa kidonge cha mita 100 chenye maandishi mawili makubwa: unene wa 0.10 mm na nguvu ya 20 lb, yaani pauni. Pauni 20 ni kilo 9.07. Maandishi hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na huhitaji kumaliza msimu mzima ukivua ili kulijua hilo. Mizani ya sonara inatosha.

Mishipi hii husukwa kwa nyuzi za polietilini ngumu, zile zinazouzwa kwa majina ya Dyneema na Spectra. Wajapani huipima kwa namba ya PE, na namba hiyo inatokana na uzito: PE 1 ni denia 200, maana yake mita 9,000 za mshipi zina uzito wa gramu 200. Unene wake ni kama 0.165 mm. PE 0.6 ni denia 120, unene kama 0.128 mm. PE 2 ni denia 400, unene kama 0.235 mm. Unene wenyewe ni mgumu kupima, kwa sababu mshipi wa kusuka hubonyea. Ukiubana kwa mikrometa utasoma namba yoyote unayoitaka. Uzito haubonyei.

Hapa wakazi wa Arusha wana bahati ambayo wavuvi wa pwani hawana: mji una madalali wa vito wenye mizani ndogo za karati. Kata mita 10 kamili za mshipi, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ili nta ya juu ipungue, ukauke, kisha upime. PE 0.6 itatoa gramu 0.13, yaani kama theluthi mbili za karati (karati moja ni gramu 0.2). PE 1 itatoa gramu 0.22. PE 2 itatoa 0.44. Mshipi wa kweli wa 0.10 mm ni takribani PE 0.4, na mita zake 10 hazifiki hata gramu 0.1. Nta isiyotoka yote huongeza uzito kidogo, kwa hiyo tofauti ndogo isikusumbue. Ila kidonge cha 0.10 mm kikisoma gramu 0.22, hapo umeuziwa PE 1 yenye jina la mdogo wake.

Uzito huo huo unakupa dari ya nguvu. Nyuzi za kawaida za aina hii hubeba gramu 30 hadi 40 kwa kila denia moja. Zile za daraja la juu kabisa huzidi 40. Zidisha: PE 0.6 ni denia 120, mara 40, unapata kilo 4.8. Kusukwa nako hupunguza, kwa sababu nyuzi zilizolala mshazari hazivuti sawasawa. Kwa hiyo PE 0.6 inayodai pauni 20 inataka gramu 75 kwa denia, na hakuna uzi wa biashara hii unaofika huko. Anayeiuza ama hajui, au anategemea wewe usijue.

Kabla ya kuvuta chochote, hakikisha ni polietilini kweli. Dondosha kipande cha sentimita 5 kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, ukiminye kwa vidole ndani ya maji hewa itoke. Polietilini huelea, nailoni na poliesta huzama. Bila sabuni jaribio halina maana, kwa sababu uzi mwembamba unaweza kukaa juu ya ngozi ya maji hata kama ni mzito. Kiberiti nacho husaidia: polietilini hujikunja, huyeyuka na kunuka kama mshumaa uliozimwa. Ukiona moshi mweusi mzito, hiyo ni kitu kingine.

Sasa kuvuta. Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kufunga fundo kwenye mizani, kuvuta hadi ukatike, na kutangaza kwamba mshipi ni dhaifu. Hapo umepima fundo. Mshipi wa kusuka hupoteza nguvu nyingi kwenye fundo, wakati mwingine karibu nusu, kwa sababu uzi mtelezi na mwembamba hujikata wenyewe unapojibana.

Ili kupima mshipi peke yake, chukua vipande viwili vya bomba la PVC la inchi moja na nusu, uvivirigishie plasta ya kitambaa isiyoteleza. Zungusha mshipi mara 10 kwenye kila bomba, mizunguko ikae ubavu kwa ubavu bila kupandana, ndipo ufunge mwisho. Msuguano unakula mzigo kidogo kidogo kwa kila mzunguko, na fundo la mwisho halipati kitu. Acha nusu mita katikati. Bomba moja lining'inize kwenye tawi au boriti, la pili libebe ndoo ya lita 20 iliyo sentimita 10 tu juu ya ardhi. Mimina maji kwa jagi polepole. Ukishakaribia kilo unazozitarajia, hamia kwenye kikombe. Mshipi ukikatika, pima ndoo pamoja na maji yaliyobaki ndani na lile bomba la chini. Mizani ya kuning'iniza ya mizigo ya safari inafaa, lakini ihakiki kwanza kwa dumu lenye lita 10 za maji: isome kilo 10 na uzito wa dumu.

Rudia mara tano. Ukikatika pembeni kabisa mwa bomba, tupa jibu hilo, maana huenda ukingo ndio uliokata. Katika majibu yaliyobaki tazama lile la chini kabisa, wala usishughulike na wastani. Samaki hakati mshipi kwenye wastani. Majibu yakiachana kwa zaidi ya asilimia 15, msuko haulingani, na kidonge hicho hakifai hata kama jibu lake kubwa linapendeza. Vaa miwani, na usizungushe mshipi mkononi hata mara moja. PE 0.8 inafungua kidole kama wembe.

Baada ya hapo ndipo upime mafundo, kwa mpangilio ule ule, bomba upande mmoja na ndoana upande wa pili. Fundo la mizunguko mitano lililozoeleka kwenye nailoni huchomoka taratibu kwenye mshipi wa kusuka. Ukiona ncha iliyobaki imejipinda kama mkia wa nguruwe, halikukatika, liliteleza. Fundo la Palomar linashika vizuri, fundo la uni la mizunguko minane pia. Lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza na ulivute polepole.

Kwenye hisia ya mkononi ndiko wanunuzi wengi wanakodanganyika. Mshipi wa nyuzi nane ukiupapasa dukani ni hariri tupu, lakini sehemu ya hariri hiyo ni nta na silikoni. Uoshe, ukauke, kisha upitishe juu ya ukucha wa kidole gumba ukiwa umekazwa kidogo. Msuko mzuri wa nyuzi nane hubaki mviringo na laini. Msuko uliolegea hulala bapa kama utepe, na vidole vikiusukuma kutoka pande mbili unafunguka na kuonyesha nyuzi. Wa nyuzi nne una matuta unayoyahisi kwa ukucha, na hulia zzz kwenye pete za ufito. Kelele hiyo si ugonjwa. Rangi kubaki kwenye kitambaa cheupe unapoupangusa mshipi nayo si ugonjwa, kwani polietilini haishiki rangi vizuri. Hupakwa juu tu.

Kuhusu kunyumbuka, funga mita 10 kwenye nguzo, tundika kilo moja, pima, kisha fanya vivyo hivyo kwa nailoni ya nguvu ile ile. Tofauti inaonekana kwa macho. Nailoni karibu na kukatika hurefuka kwa robo yake hivi, mshipi wa kusuka kwa asilimia chache tu. Ndiyo maana perege akigusa chambo unamsikia, na ndiyo maana pia ukivuta kwa pupa unampasua mdomo. Mpya huvutika kidogo mara ya kwanza kwa sababu msuko unajikaza. Pima mvuto wa pili.

Hukumu yetu sasa. Cha bei nafuu cha nyuzi nne: kinunue kwa uzito wake halisi, usikinunue kwa maandishi. Kikitoka PE 1 yenye kilo tano au sita na majibu yasiyoachana, ni mshipi mzuri kwa Ziwa Duluti, ambako mafunjo ya kandoni yanataka mshipi unaokata majani kama msumeno. Chenye nyuzi nane na namba ya PE kwenye lebo: ongeza hela ukiwa unarusha mbali na chambo chepesi, basi. Kwenye mawe ya volkano ya mito ishukayo Kilimanjaro utajuta, kwa sababu kila uzi ni mwembamba zaidi na hukatika mmoja mmoja. Zile ambazo nyuzi zake zimegandishwa pamoja kwa joto, kama FireLine ya Berkley, ni ngumu kidogo na hazijifungi ovyo kwa anayeanza, ila huota manyoya mapema na kuonekana zimechoka zikiwa bado na nguvu.

Kwa kambare wa bwawa la Nyumba ya Mungu panda hadi PE 2, na mbele yake weka mita moja ya nailoni ya 0.50 mm. Kambare hana meno ya kukata, lakini taya lake lina msasa na miiba ya mapezi yake ya kifuani ina meno ya msumeno. Mshipi wa kusuka hauvumilii hata kimojawapo.

Kwenye rili, anza na mita tano za nailoni, la sivyo mshipi wote utazunguka bure kwenye kidonge ukidhani breki imekufa. Ujaze hadi ubaki milimita 2 au 3 chini ya ukingo. Ukijaza pomoni, koili zilizolegea hutoka kwa pamoja unaporusha na kujifunga, na hilo fundo la hewani halifunguki kwa kucha, hasa PE 0.6. Funga waya wa rili (ule unaoufungua ili kurusha) kwa mkono, vuta mshipi ukaze, ndipo uanze kukunja. Mita 20 za mbele zikiota manyoya zikate. Zilizobaki zikishachakaa, geuza mshipi mzima, upande uliokuwa chini haujawahi hata kulowa.