Kozi ya jioni ya Kiingereza cha kazini kwa wahamiaji: tathmini yangu baada ya mihula miwili

Kozi ninayoitathmini hapa hutolewa na chuo cha elimu ya watu wazima, na imekusudiwa wahamiaji wenye ruhusa ya kufanya kazi, ambao ama bado wanatafuta ajira, ama wameshapata kibarua cha kuanzia na wanataka kusogea mbele. Darasa hukutana jioni mbili kwa wiki, kila kipindi kikiwa cha saa mbili, na tangazo lake huahidi kufundisha Kiingereza cha kazini. Nimeihudhuria kwa mihula miwili kamili. Muhula wa kwanza sikuwa na kazi. Wa pili nilikuwa nimeajiriwa kwa zamu katika ghala la mizigo. Naona ni muhimu msomaji alijue hilo mapema, kwa sababu kozi ileile iliyonifaa sana nilipokuwa naomba kazi ilianza kunipwaya mara nilipoipata. Inamwandaa mtu kuipata kazi. Kumwandaa adumu nayo ni jambo ambalo mtaala wake haukulifikiria vya kutosha, ingawa mwalimu wetu alijitahidi kuziba pengo hilo kwa juhudi zake mwenyewe.

Nianze na mtihani wa kupima kiwango, kwa kuwa hapo ndipo kasoro ya kwanza inapojitokeza. Mtihani wote ni wa kuandika. Matokeo yake hutolewa kwa ngazi sita za Baraza la Ulaya, zilizochapishwa mwaka 2001 na zinazotumika sasa karibu kila mahali, kuanzia A1 kwa anayeanza hadi C2 kwa aliyebobea. Mimi nilijifunza Kiingereza kwa vitabu, kwa hiyo nilijaza nafasi zote bila taabu na nikapangiwa B1. Mama mmoja niliyekaa naye kwenye benchi la mapokezi, aliyefanya biashara na wageni kwa miaka mingi na anayezungumza bila kusita, hakuwahi kukaa darasani utotoni. Yeye alipelekwa kwa wanaoanza kabisa, akafundishwa kusema jina lake. Wakati huohuo mimi, mwenye B1 yangu, nilikuwa siwezi kuelewa sentensi tatu mfululizo za mtu anayezungumza kwa simu. Vigezo vya lugha vinavyotumika Kanada vina ngazi 12, na hupima kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika kila kimoja peke yake, hivyo mtu anaweza kuwa na ngazi ya 6 katika kuzungumza na ya 3 katika kuandika bila yeyote kushangaa. Chuo hiki kingeweza kufanya hivyo kwa kuongeza mazungumzo ya dakika kumi tu siku ya kujiandikisha.

Baada ya hapo mambo yananyooka. Sehemu ya wasifu na usaili, iliyochukua karibu theluthi ya muhula wa kwanza, imepangwa vizuri kuliko nyingine zote. Tulijifunza kwamba katika nchi nyingi zinazozungumza Kiingereza wasifu hauwekwi picha, umri, dini wala hali ya ndoa, na kwamba kurasa mbili zinatosha hata kwa mtu aliyefanya kazi miaka ishirini. Wasifu wangu wa zamani ulikuwa na kurasa tano, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina ya wazazi wangu. Kwa upande wa usaili tulifundishwa kulijibu swali kwa kisa kimoja: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, na matokeo yakawaje. Mazoezi haya yalirudiwa mpaka yakachosha, na nashukuru kwamba yalichosha, kwa sababu siku ya usaili wangu halisi maneno yalikuja yenyewe. Kwa wengi wetu ugumu ulikuwa ni kule kujisifu mbele ya mgeni, zaidi hata ya sarufi. Mtu aliyekua akisikia kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza huona aibu kusema kwamba yeye ndiye aliyeokoa kazi fulani isiharibike. Mwalimu ilimbidi atukatize mara kwa mara kila tuliposema "sisi" mahali ambapo msaili anataka kusikia "mimi".

Ni katika muhula wa pili ndipo nilipoiona kozi kwa jicho jingine. Wiki ya tatu ya kazi yangu, msimamizi alinisogelea nikiwa karibu na rundo la maboksi yaliyokuwa yakisubiri gari, akaniuliza kwa Kiingereza: "You haven't checked these?" Nikajibu "Yes". Kwa Kiswahili jibu hilo halina kosa hata chembe: hujayakagua haya? Ndiyo, sijayakagua. Mtu anaithibitisha kauli ya muulizaji, basi. Lakini masikio ya Kiingereza hayaisikii kauli, yanalisikia tendo. "Yes" kwake ilimaanisha kwamba nimeyakagua. Akatia saini, maboksi yakapakiwa, na jioni yake nikaitwa kueleza kwa nini nilidanganya. Sikuwa na maneno ya kueleza, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa kosa langu liko wapi.

Nililileta jambo hilo darasani, na hapa ndipo mwalimu wetu anapostahili sifa zote. Aliweka kando somo la siku hiyo, ambalo kitabuni lilikuwa ni la kuandika barua ya kujitambulisha, akachora mstari katikati ya ubao na kututaka tuseme jinsi lugha zetu zinavyojibu swali la kukanusha. Ikabainika kwamba zaidi ya nusu ya darasa, watu wa lugha zisizo na undugu wowote, hujibu kama Mswahili. Tukafanya mazoezi kwa jozi, kipindi kizima, na kanuni aliyotuachia ilikuwa nyepesi: usijibu kwa neno moja kamwe, jibu kwa sentensi yenye tendo ndani yake. Ukisema kwa Kiingereza "bado sijayakagua", hata ukikosea kati ya ndiyo na hapana, tendo litakutetea. Katika mihula yote miwili sikupata somo lenye manufaa kuliko hilo, na halimo katika kitabu cha kozi.

Kisa cha pili ni cha mwenzangu anayezungumza Kiswahili, aliyepigiwa simu kuitwa kwenye zamu ya siku inayofuata. Aliambiwa afike "seven". Akaandika kwenye karatasi "saba". Usiku akaisoma karatasi yake, na saa saba kwa Kiswahili kila mtu anaijua: ni baada ya adhuhuri. Akafika akiwa amechelewa kwa muda wa saa sita nzima, akakuta nafasi yake imeshachukuliwa. Mwalimu, ambaye hakuwa na habari kwamba kuna lugha inayohesabu saa kuanzia mapambazuko, alicheka kwanza kisha akanyamaza, akatuuliza ni nani mwingine aliyewahi kupatwa na jambo la namna hiyo. Mikono ikainuka kwa sababu nyingine tofauti, wengi wao wakiwa wameshindwa kutofautisha "thirteen" na "thirty". Kosa hilo nalo lina chanzo chake. Katika Kiswahili mkazo hukaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sikio letu halijazoea kuutafuta mkazo ili kupata maana, ilhali katika jozi hiyo ya Kiingereza mahali pa mkazo ndipo panapobeba sehemu kubwa ya tofauti. Dawa tuliyopewa ni ya kukirudia ulichokisikia kabla ya kukata simu: siku, tarehe, saa, asubuhi au jioni, kisha kumsubiri mwenzako aseme kwamba ni sawa. Tulizoea hivyo kwa kugeuziana migongo darasani, ili tusionane midomo. Naomba chuo kilifanye zoezi la kugeuziana migongo kuwa la kila wiki badala ya kuliacha litegemee bahati.

Kuhusu wenye taaluma, ushauri wangu ni wa moja kwa moja: ikiwa wewe ni muuguzi, mhandisi au mwalimu unayetaka kurudi katika kazi uliyosomea, kozi hii si yako, na tangazo lingepaswa kukuambia hivyo. Bodi za taaluma hudai matokeo ya mtihani unaotambulika, kama vile IELTS, ambao una sehemu nne na alama zinazofikia 9, na ambao matokeo yake kwa kawaida huhesabika kuwa hai kwa miaka miwili tu, au OET, ambao umetungwa kwa ajili ya wahudumu wa afya peke yao. Katika IELTS mtu hupewa saa moja kuandika tungo mbili, ya kwanza isiyopungua maneno 150 na ya pili isiyopungua 250. Ustadi huo hautokani na kuigiza mazungumzo ya mapokezi. Darasani kwetu kulikuwa na muuguzi aliyekaa muhula mzima akiamini kwamba anakaribia leseni yake, na hakuna aliyemwambia vinginevyo mpaka alipouliza mwenyewe katika wiki ya mwisho. Huo ni muhula wa mtu uliopotea bure.

Kozi pia hupanga wiki mbili za kujitolea katika mahali pa kazi. Mimi nilipelekwa kwenye chumba cha nyuma cha duka, nikakunja nguo, na Kiingereza nilichozungumza huko hakizidi sentensi ishirini. Hata hivyo sitaipuuza sehemu hiyo, kwa sababu nilitoka na jina la mdhamini wa hapahapa nchini, na kukosa jina kama hilo ndiko kulikokuwa kukinikosesha majibu. Waajiri wengi humtaka mgeni awe na uzoefu wa nchi aliyohamia, sharti ambalo mtu aliyefika jana hawezi kulitimiza. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario, huko Kanada, ilitoa sera mwaka 2013 ikiliona sharti la namna hiyo kuwa la kibaguzi pale mwajiri anaposhindwa kulihalalisha. Mahali ambapo hakuna ulinzi wa aina hiyo, wiki mbili za kukunja nguo zina thamani yake.

Lalamiko langu kubwa kuliko yote linahusu kanuni ya mahudhurio. Ukikosa vipindi vitatu, jina lako hufutwa. Kwa asiye na kazi kanuni hiyo haina ukali wowote, lakini kwa mwenye zamu zinazobadilika kila wiki ni sawa na kuambiwa achague kati ya darasa na mshahara, na sote tunajua atakachochagua mtu mwenye kodi ya nyumba. Nilimwomba msimamizi wangu anipangie zamu za asubuhi kwa muhula mzima, alinikubalia, nikabaki. Wenzangu wengi hawakukubaliwa. Hivyo katika kozi iliyoanzishwa ili watu wapate kazi, anayeipata ndiye wa kwanza kutoka, na hutoka wakati uleule anapoanza kukutana na Kiingereza ambacho hakimo vitabuni. Akina mama wenye watoto wadogo nao hutoka kimyakimya, kwa sababu chuo hakina mahali pa kulelea watoto jioni. Haya si mambo yasiyowezekana: programu ya serikali ya Australia ya kuwafundisha wahamiaji Kiingereza, iliyoanza mwaka 1948, huwatunzia watoto ambao hawajafikia umri wa shule wakati wazazi wao wako darasani, na mwaka 2021 iliondoa ukomo wa saa 510 uliokuwa ukiwakatisha watu katikati ya njia.

Anayetaka kujiandikisha afanye mambo mawili. Kwanza, siku ya mtihani wa kiwango asikubali kupangwa kwa karatasi peke yake. Aombe kuzungumza na mwalimu mmoja, na akikataliwa, aombe tena baada ya wiki ya kwanza, kwani niliwaona wawili waliohamishwa kwa njia hiyo, mmoja wao akiwa ni yule mama wa kwenye benchi. Pili, aje na karatasi za kazini kwake: ratiba ya zamu, tangazo lililobandikwa mlangoni, fomu ya kuripoti ajali. Mwalimu wetu ameanza kuzikusanya katika jalada la kijani. Nilipomaliza muhula wa pili jalada hilo lilikuwa limeshapita unene wa kitabu cha kozi, na karatasi yangu ya mwisho kuingia humo ilikuwa orodha ya ukaguzi wa mizigo, yenye safu mbili za visanduku, moja ya vilivyokaguliwa na nyingine ya ambavyo bado.