Kunakili sensa ya 1950 kwenye FamilySearch: maoni yangu

Tangu 2022 nanakili karatasi za sensa ya Marekani kupitia FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba za ukoo, na ndugu zangu wa Tanga hadi leo huniuliza nalipwa shilingi ngapi. Silipwi. Kuitumia nako ni bure: unafungua akaunti, unachagua mradi, unaanza. Wenye huduma ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho; mimi ni Mwislamu na hakuna aliyewahi kuniuliza dini yangu.

Nilijiunga kwa ajili ya mama mkwe wangu, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1948. Sensa ya 1950 ilifunguliwa kwa umma tarehe 1 Aprili 2022, kwa kuwa majina hufichwa kwa miaka 72. Kompyuta ilishausoma mwandiko, kazi yetu ikawa kulinganisha ilichosoma na picha ya karatasi, kisha kusahihisha. Karatasi moja ina mistari 30. Tumia kompyuta, kioo cha simu kitakuumiza macho.

Ugumu wote uko kwa karani wa sensa. Mmoja anaandika kama mwalimu wa darasa la kwanza, mwingine herufi zake zimelaliana. Jina la ukoo huandikwa kwa mkuu wa kaya, na wanaofuata huwekewa kistari tu. Ukikosea hilo la juu, kaya nzima imepotea na wajukuu wao wakiitafuta kwa jina hawataiona. Kwa hiyo usibahatishe. Shuka hadi safu ya mahali pa kuzaliwa: karani akiwa ameandika "Mississippi" kwa urefu, umeshapata s yake, p yake na i yake. Rudi nazo juu kwenye jina.

Mama mkwe tulimpata wilaya ya Bolivar, umri miaka 2, chini ya kaka zake watatu. Nilimsomea mstari kwa mstari. Nilipofika kwa mama yake, safu ya kazi ilikuwa na "H", yaani mtu wa shughuli za nyumbani. Akanikatiza: "Mama yangu alikuwa shambani, mwanangu. Kila siku ya Mungu." Nimeinakili ile "H" kama ilivyo, maana ndiyo sheria ya kunakili na naikubali, ila maneno yake nimeyaandika kwenye daftari letu la ukoo.

Kwa familia za Weusi wa Marekani, huduma hii inakufikisha mbali hadi 1870, sensa ya kwanza iliyowaandika walioachwa huru kwa majina yao. Katika orodha za watumwa za 1850 na 1860 utakuta jina la mmiliki, halafu umri, jinsia na rangi ya watu aliowamiliki. Majina yao, karibu kote, hayamo.

Sasa niko kwenye karatasi za 1870 za wilaya ile ile, ukurasa mmoja kila baada ya Isha. Mama hulala akiwa ameshaniuliza nimefika nyumba ya ngapi.