Kulinda kompyuta ya nyumbani Malindi: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Ingia duka lolote la kompyuta hapa Malindi, liwe la Lamu Road au la vichochoro vya mji wa zamani, useme unataka kulinda laptopu yako. Utapewa kiboksi cha antivairasi. Muuzaji hana kosa, ndicho alicho nacho. Lakini kwa mtu wa nyumbani mwenye elfu kumi za kutumia mwaka huu, kiboksi hicho mimi nakiweka nambari tatu, na kuna watu ambao hawakihitaji kabisa.

Kabla ya kutoa hata shilingi

Anza na Windows yenyewe. Laptopu nyingi zinazouzwa hapa ni za mtumba kutoka Ulaya, na huja zimeshapigwa Windows na fundi. Muulize ameipiga vipi. Vile viprogramu vya kuamsha Windows bila leseni, ambavyo mafundi hubeba kwenye flashi, kwa kawaida havikubali kuingia mpaka antivairasi izimwe. Fundi anaizima, anamaliza kazi yake, anakukabidhi mashine, na kuiwasha tena si shughuli yake. Kwa hivyo ukinunua, fungua Windows Security pale pale kaunta. Tazama kama ulinzi wa wakati wote umewashwa, kisha ushuke hadi kwenye orodha ya folda zilizosamehewa zisikaguliwe. Ukikuta folda humo, na wewe ndio kwanza unaishika mashine, mwambie aipige Windows upya, tena halali, au urudishiwe pesa zako.

Jambo la pili ni umri. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa nyongeza wa masahihisho ya usalama kwa watu wa nyumbani, uliotangazwa hadi Oktoba 2026, na unaweza kujiunga bila malipo ukiwa na akaunti ya Microsoft, lakini huko ni kusogeza siku tu. Windows 11 rasmi haizikubali kompyuta zenye chipu za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Ile laptopu ya bei poa yenye kizazi cha nne unayooneshwa, basi, ni rahisi inayovunja upishi. Ongeza elfu kadhaa. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta duniani kote, zikiwemo za hospitali za Uingereza, kikipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tangu Machi. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimepata kiraka hicho.

Windows ikiwa halali na inasasishwa, Microsoft Defender iliyomo ndani yake ni antivairasi kamili na ni ya bure. AV-TEST, maabara ya Ujerumani inayopima programu hizi, imekuwa ikiipa alama za juu kwa miaka sasa. Ongezea kitu kimoja ambacho huja kimezimwa: ulinzi wa folda dhidi ya virusi vinavyoteka mafaili na kudai fidia. Uko humo humo kwenye Windows Security. Uwashe.

Nambari moja: diski ya nje

Hapa ndipo pesa yako iende kwanza. Diski ya terabaiti moja ya kampuni inayojulikana huwa katikati ya elfu sita na elfu kumi, kutegemea duka. Kirusi cha kuteka mafaili kikishaingia, antivairasi nzuri kuliko zote haikurudishii picha za harusi. Nakala iliyo kabatini inakurudishia. Tena inafaa hata laptopu ikiibiwa, ikiunguzwa na umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, au ikimwagikiwa na chai.

Sharti ni moja: ukishanakili, ichomoe. Diski iliyochomekwa saa zote hutekwa pamoja na kompyuta. Ihifadhi kwenye mfuko wenye zipu, kwa sababu hewa ya chumvi haisamehi ncha za waya.

Sasa jihadhari na hili. Kuna flashi na vijidiski vinavyouzwa kwa elfu moja mia tano vikiwa vimeandikwa terabaiti mbili. Usinunue. Ndani mna chipu ndogo iliyofunzwa kusema uongo. Ukichomeka, Windows inaonesha terabaiti mbili kweli, unanakili mafaili, majina yote yanaonekana na roho inatulia. Nafasi halisi ikijaa, kila faili jipya linaandikwa juu ya la zamani au linapotea tu. Utagundua siku utakayofungua picha ya mtoto ukutane na rangi ya kijivu. Kuna kiprogramu cha bure cha Kijerumani kinachoitwa H2testw: hujaza diski nzima, kisha husoma kila kilichoandikwa na kukuambia nafasi ya kweli ni ngapi. Huchukua saa nyingi, kwa hivyo patana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba ikifeli utairudisha. Akikataa masharti hayo, umeshapata jibu.

Nambari mbili: printa ndogo yenye skana

Najua hukutarajia printa hapa. Lakini kwa familia nyingi za Malindi utambulisho hauibiwi na kirusi, unaachwa saiba, yaani kwenye duka la intaneti. Unakwenda kuomba kazi, au basari ya mtoto. Kijana wa saiba anakwambia, "Nitumie kwa WhatsApp, mama." Anafungua, anachapisha, unalipa, unakwenda zako. Faili limebaki. Chungulia folda ya Downloads ya mashine ya saiba yoyote: vitambulisho mbele na nyuma, vyeti vya PIN ya KRA, vyeti vya kuzaliwa, barua za benki, vyote vina majina kamili. Anayekaa kiti kile baada yako anaviona.

Printa ya rangi yenye skana si ya bei ya kutisha siku hizi, ila uliza bei ya wino kabla ya bei ya printa. Wino ndio gharama yenyewe. Kama nyumba yenu huchapisha mara mbili kwa mwaka, usinunue. Skani kwa simu kupitia Google Drive, nenda saiba na karatasi zikitoka usimame pale mpaka faili lifutwe, na pipa la taka la kompyuta nalo limwagwe. Wanaona kero, lakini wanafanya.

Flashi iliyotoka saiba nayo ikaguliwe kabla ya kufungua chochote. Ukiona mafaili yako yote yamegeuka njia za mkato (shortcut), usibofye hata moja. Kwa kawaida mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu, na hicho unachotaka kukibofya ndicho kirusi.

Nambari tatu: antivairasi ya kulipia

Ina kazi yake: nyumba yenye watoto wanaopakua michezo kila mahali, au mzee anayebofya kila anachotumiwa. Kwa kompyuta moja tarajia kitu kama elfu moja hadi elfu tatu kwa mwaka.

ESET, ya Slovakia, ndiyo ningeipa laptopu yenye RAM ya giga nne, maana hailemei mashine. Bitdefender ya Romania hukamata vizuri lakini kwenye mashine kongwe utaisikia. Kaspersky ni ya Urusi na ndiyo rahisi kuipata madukani. Marekani ilipiga marufuku kuiuza kwao mwaka 2024 kwa hoja za usalama wa taifa. Marufuku hiyo haikuhusu wewe uliye Malindi, ila ni haki yako kuijua kabla ya kulipa. Avast ya bure naiweka mwisho. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza dola milioni 16.5 kwa kuuza kumbukumbu za tovuti walizotembelea wateja wake. Mlinzi anayeuza habari za nyumba yako, mimi simuajiri.

Kiboksi ulicholetewa zawadi na rafiki wa Kiitaliano kinaweza kukataa kuamka hapa, kwani namba nyingi za kuamshia zimefungiwa eneo. Na ukilipa kwa kadi mtandaoni, zima malipo ya kujirudia siku hiyo hiyo. Bei ya mwaka wa kwanza ni ya kukuvutia, ya mwaka wa pili ndiyo yenyewe.

Vya kuacha dukani

VPN, ile huduma ya kuficha njia yako mtandaoni, haizuii virusi, hata matangazo yaseme nini. Programu za "kusafisha" na "kuharakisha" kompyuta ni za kupita tu. Na lile tangazo linaloruka pembeni mwa skrini likidai antivairasi yako imeisha, ilhali hujawahi kuinunua, ni arifa ya tovuti uliyoiruhusu bila kujua. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, uiondoe.

Nywila usizilipie. Bitwarden, programu ya kukutunzia nywila, ina mpango wa bure unaotosha mtu mmoja, na KeePassXC ni ya bure kabisa kwa asiyetaka nywila zake zikae mtandaoni.

Kulinda laini ya simu nako hakulipiwi, lakini huku kwetu laini ndiyo ufunguo wa M-Pesa, benki na barua pepe. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiiona usiyoijua, nenda kaikane. Kwa Safaricom, *100*100# huzuia mtu kubadilisha laini yako bila wewe kufika dukani kwao. Kisha mara moja kwa mwaka omba ripoti yako ya mikopo, ambayo sheria inakupa bure, kutoka CRB, kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, utazame kama kuna mkopo uliochukuliwa kwa jina lako na mtu usiyemjua.