Ditekta ya kutafutia pete ufukweni: ulizeni sauti kwanza

Tangu watu wateremke Tanga na Pangani sikukuu, meseji ni zilezile, dada pete imebaki baharini, dada mkufu wa mama mkwe umekatikia Ushongo, dada nimenunua ditekta ya metali hapa hapa Arusha nimesafiri nayo siku nzima nikafika nayo kwenye mchanga mbichi ikaanza kulia kama mtoto aliyenyimwa ziwa, nifanyeje? Huyo wa mwisho, kaka mmoja wa Sakina, ndo kanifanya nikae niandike, maana katoa hela ya maana na muuzaji alichomjibu ni "bro hiyo setingi tu".

Sio setingi. Maji ya bahari yana chumvi na maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwa hiyo mashine ya frikwensi moja ikikutana na mchanga uliolowa inadhani imekanyaga bati. Ukipunguza ukali hadi inyamaze, na pete nayo imenyamaza. Dawa yake ni mashine inayotumia frikwensi kadhaa kwa wakati mmoja, au zile za mapigo zinazoitwa pulse induction. Hilo mkilielewa mmeshaokoa nusu ya hela zenu.

Habari ya kina sitaigusa, maana kila muuzaji anaiimba, mita moja, mita mbili, pete gani unaitafuta mita mbili chini jamani, unachimba choo?

Mimi nataka mniulize kitu ambacho hamniulizi: sauti inakufikiaje sikioni. Pete nyembamba ya dhahabu haipigi honi. Inatoa mlio mfupi, mnyonge, kidogo tu juu ya kimya, na ukipitisha koili, lile duara la chini linalopita juu ya mchanga, haraka umeshaukosa. Sasa fikiria uko Ushongo, kusi limeamka, mawimbi yanajipiga, kuna watoto wanacheza mpira nyuma yako, na spika ya mashine ni kitobo kidogo kimeangalia tumbo lako. Utapita juu ya pete yako mwenyewe uende zako. Na mkufu ndo usiseme, mashine haiuoni kama kitu kimoja, inaona vipete vyake vidogovidogo kimoja kimoja, kwa hiyo mara nyingi kinachosikika ni kile kifungo cha mwisho tu. Hedifoni hapo sio mapambo.

Lakini hedifoni gani? Kuna mashine zina tundu nene la milimita 6.3 wakati hedifoni za simu ni 3.5, unaanza kusaka adapta Pangani Jumapili mchana. Kuna nyingine kampuni imeweka plagi yake yenyewe, ukipoteza waya umeisha. Wajanja wanasema tumia bluetooth, sawa, ila bluetooth ya kawaida sauti inachelewa, kidogo mno, sema koili ishavuka na wewe unachimba pembeni ya pete ukiilaani mashine. Kama ni bluetooth iwe ile isiyochelewa, inaitwa aptX Low Latency, na iwe kwenye mashine NA kwenye hedifoni, upande mmoja hausaidii. Afu haipenyi majini, ukizamisha kichwa cha mashine, yaani boksi la juu lenye skrini, hupati kitu.

Haya, mpangilio wangu. Mimi ni mtu wa Minelab na sijifichi, Waaustralia wale wamelielewa tatizo la chumvi.

Namba moja ni Minelab Equinox. Ukipata 700 au 900 mpya vizuri, ukipata 600 au 800 ya mtu aliyeitunza pia chukua, za zamani zinaingia maji hadi mita 3, mpya hadi mita 5, frikwensi nyingi kwa pamoja, tundu la hedifoni 3.5, na kuna hedifoni zake za kuvaa hadi ndani ya maji unanunua pembeni. Kwenye za zamani angalia masikio ya koili, zile pembe mbili linapopita bolti kushika fimbo, zina historia ya kupasuka, zipindishe taratibu kwa kidole kabla hujatoa pesa. Bei inauma, sipingi.

Namba mbili, na ndo ninayowaambia wengi wenu, Minelab Vanquish, 340, 440 au 540. Teknolojia ileile ya frikwensi nyingi kwa bei ya chini zaidi, ya 340 inatumia betri nne za AA ambazo hata duka la Mangi zipo, tundu ni 3.5 so hedifoni za simu zinaingia, na 540 ina hiyo bluetooth isiyochelewa. Ila nisikilizeni vizuri: koili inaingia maji, KICHWA HAKIINGII. Maji ya magoti basi, wimbi likikurukia imekula kwako.

Namba tatu Nokta Legend ya Waturuki. Wasomaji wawili watatu wamenitolea povu kwanini siiweki juu. Ni mashine nzuri, frikwensi nyingi, inazama mita 3, bluetooth ya maana. Haya nimeiweka.

Namba nne Garrett Sea Hunter Mark II ya Wamarekani, hii ni ya mapigo, na kwa sauti peke yake ingekuwa ya kwanza maana hedifoni zake zimeungwa moja kwa moja na zinazama nayo, mashine inashuka hadi mita 60 na ushee. Shida haichagui vizuri, chuma nayo inaililia, na fukwe zetu zimejaa misumari ya majahazi. Utachimba hadi useme basi.

Za bei rahisi, zile za njano za Kichina na hata Garrett ACE za frikwensi moja: mchanga mkavu na shambani sawa, mchanga mbichi hapana. Tusonge.

Kitu kimoja kwa watu wa kwetu huku wenye pete za Mererani: tanzanite haisikiki na ditekta yoyote, inayosikika ni dhahabu au fedha iliyoishika. Na dhahabu nyembamba inasoma namba za chini palepale kwenye foili ya sigara na vishikio vya kopo la soda, kwa hiyo ukibonyeza "ondoa takataka" umeondoa na pete. Chimba takataka, hakuna njia ya mkato. Subiri bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji yanatoka mbali. Na Tongoni na Kaole kwenye magofu msipeleke mashine, yale ni ya mambo ya kale, utajieleza kwa watu.

Sasa hawa wauzaji wetu. Unaona picha nzuri Instagram, bei? "Njoo inbox". Unaenda inbox, unaulizwa uko wapi, unafanya kazi gani, afu ndo bei inazaliwa. Mashine ambayo Marekani ni dola 200 na kitu inakuwa mara mbili na ushee na ukiuliza unaambiwa TRA, VAT ni asilimia 18 ndugu yangu, hiyo nyingine yote ni ya nani? Na wabaya zaidi ni wale wa antena mbili mkononi zinazonusa dhahabu kilomita nzima. Hakuna kitu hicho. Mwingereza James McCormick aliuza vya namna hiyo Iraki kama vya kugundua mabomu, ADE 651, antena na boksi tupu, mwaka 2013 akafungwa miaka 10. Huku kwetu watu bado wanauziwa kwa mamilioni.

Kwa hiyo ukienda dukani usijaribie ndani, sakafu ina nondo. Tokeni nje. Beba beseni la plastiki, maji lita 10, chumvi gramu 350, hapo umepata bahari yako. Usiweke mchanga wa huku, ni wa volkano, una chembe za chuma, muuzaji atapata kisingizio. Pitisha koili juu ya beseni, ikilia ovyo rudisha. Ikitulia dumbukiza pete yako, vaa hedifoni zako mwenyewe, mwombe mtu awashe bodaboda pembeni, usikilize. Akikataa kutoka nje ondoka, na akikubali dai risiti ya EFD yenye namba ya modeli, maana "gold detector original" sio modeli.