Bima ya mahindi ya wastani wa eneo: inamfaa nani Nakuru na Bungoma?

Serikali ilianza kuchangia ada ya bima hii mwaka 2016 katika Bungoma, Nakuru na Embu. Hakuna anayekuja kukagua shamba lako. Wapimaji huvuna vipande vidogo kwenye mashamba yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha wastani wa eneo zima ndio unaoamua kama utalipwa.

Tuseme wastani wa miaka iliyopita kwenu ni magunia 15 ya kilo 90 kwa ekari, na mkataba unalinda asilimia 70. Mstari wa fidia ni magunia 10.5. Msimu huu wastani ukishuka hadi 7, pengo ni 3.5, yaani theluthi ya 10.5, kwa hiyo aliyekata bima yenye kinga ya shilingi 30,000 analipwa 10,000. Wastani ukisimama kwenye 11 hupati hata senti, ingawa wewe umevuna madebe mawili tu.

Hapo ndipo bima hii inapochechemea. Mto Nzoia ukivunja kingo hufagia mashamba ya bondeni na kuyaacha ya mwinuko yakistawi, na mavuno ya juu yanaficha hasara ya chini. Muulize wakala: eneo la kipimo ni wadi nzima au ni dogo zaidi? Akibabaika, usitoe pesa. Mwenye shamba kando ya mto hatungemshauri aitegemee.

Ukame ni habari nyingine, maana hauchagui shamba. Viwavijeshi vikienea eneo zima navyo hushusha wastani, kwa hiyo vinahesabiwa. Bima ya mvua, inayolipa kwa kufuata mvua iliyosomwa kwa setilaiti, haiwaoni wadudu kabisa.

Wengi hulalamika kuwa ada ni ghali. Linganisha na bima ya magari: magari hugongana moja moja, lakini ukame huwapiga maelfu kwa mpigo, hivyo kampuni nayo hulazimika kujikatia bima kwa kampuni kubwa zaidi, na gharama hiyo imo ndani ya ada yako. Ndiyo maana mchango wa serikali una uzito; hakikisha umeondolewa kwenye hesabu unayopewa.

Fidia huja baada ya mavuno kupimwa, kwa hiyo usiitarajie kununua mbegu za kupanda upya mwezi wa Mei. Ikiwa bima imefungwa na mkopo wa pembejeo, mkopo hukatwa kwanza. Jisajili kabla ya mvua za masika, kwa laini ya simu iliyo kwa jina lako mwenyewe. Majina yasipolingana, malipo hukwama.